Lipia domeini yako msimu wa wageni, usingoje masika

Masika yakishaingia Amu (Lamu), gesti zimefungwa, mashua zimepandishwa pwani kutiwa kalafati, ndo utasikia watu wanaulizana mbona websaiti haifunguki. Mara nyingi hakuna kilichoharibika wala hakuna mtu aliyeivamia, domeini, yaani lile jina la websaiti linaloishia .com au .co.ke, imeisha tu na haikulipiwa. Ukumbusho ulitumwa, ila ulikwenda kwa imeili ya menja aliyeacha kazi mwaka juzi, au uliangukia kwenye spamu, au ulifika ukasomwa na mtu akasema ntalipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulipofika pesa ya Mei ilikuwa imeshakwenda kwa mishahara na stima. Halafu ikifika Julai wageni wako likizo wanatafuta nyumba Shela, wakiandika imeili inawarudia, wakibonyeza linki yako wanakuta ukurasa wa matangazo, na mgeni aliyeko Ulaya hatahangaika kutafuta namba yako akuulize kumetokea nini, ataweka bukingi kwa jirani basi.

Nayaandika haya kwa wenye gesti, manahodha wanaopeleka wageni Manda Toto na Kiwayu, wenye maduka ya vitu vya kuchonga, na yeyote yule ambaye websaiti inamletea riziki. Haihitaji uwe umesomea kompyuta, simu inatosha, ila kuna mambo madogo madogo ambayo usipoyajua yanaweza kukupotezea jina ulilolijenga miaka.

Lipa pesa ikiwepo, si tarehe ikifika

Hili ndo kubwa kuliko yote na ndo nataka ulishike hata kama mengine utayasahau. Watu wengi wanadhani ukilipia domeini mapema unapunjwa, ati siku zilizobaki zinapotea. Hazipotei hata moja. Mwaka unaoulipia unaongezwa juu ya tarehe ya mwisho iliyopo, hauanzi siku uliyolipa. Tuseme domeini yako inaisha tarehe 20 Mei 2027, wewe ukailipia tarehe 5 Januari 2027 pesa ya Krismasi na mwaka mpya ikiwa bado ipo mkononi, basi itaisha 20 Mei 2028, sawasawa na yule aliyengoja mpaka tarehe 19 Mei akaanza kukopa. Tofauti ni kwamba wewe umelala usingizi na yeye hakulala.

Sasa kwetu hapa pesa ina majira yake, Disemba na Januari ipo, Julai na Agosti ipo tena, lakini Aprili mpaka Juni upepo wa kusi na mvua vikikaza, nyumba nyingi Shela zinafungwa kabisa. Mwenye kusajili domeini alisajili siku yoyote tu aliyokuwa na nafasi, hakuangalia majira, kwa hivyo ikiangukia Mei ndo imeangukia na tarehe ile haitasogea maisha, itakuwa Mei kila mwaka. Huwezi kuhamisha tarehe ila unaweza kuhamisha siku ya kulipa. Chagua mwezi mmoja, mie nashauri Januari, ukae chini siku moja ulipie kila kitu kinachoisha mwaka ule.

Na ukiweza, mara ya kwanza lipia miaka miwili kwa pamoja, kisha kila Januari unaongeza mmoja. Hapo utakuwa na zaidi ya mwaka mzima mbele yako wakati wote, hata ukipitiwa na Januari moja kwa sababu ya msiba au ugonjwa, hakuna kinachokatika. Domeini za .com zinakubali mpaka miaka 10 mbele, lakini sioni haja ya kwenda huko, miaka kumi ni mingi, aliyelipa atakuwa ameondoka, paswedi imepotea, na siku ikiisha hakuna hata mmoja anayekumbuka ililipiwa wapi.

Kwa sababu domeini hainunuliwi jamani, inakodiwa. Ni kama kiwanja cha lisi, hata ukijenga ghorofa juu yake, lisi ikikatika kiwanja kinarudi kwa mwenyewe.

Kwanza ujue nani ameishika

Juu kabisa kuna mtunza rejista, yaani anayeshika daftari la majina yote. Majina ya .ke yote, yaani .co.ke, .or.ke, .ac.ke, .me.ke na ile fupi ya .ke peke yake, yanatunzwa na KENIC ya Nairobi. Ya .com yanatunzwa na Verisign ya Marekani, ya .org na Public Interest Registry. Chini yao kuna msajili, hii ndo kampuni yenye akaunti na invoisi, unayoilipa wewe. KENIC ina orodha ya wasajili walioidhinishwa kwenye websaiti yake, na wale wa .com na .org wanaidhinishwa na ICANN, shirika la kimataifa linalosimamia majina ya intaneti. Halafu chini ya msajili mara nyingi kuna mtu wa tatu ambaye haonekani popote, kijana aliyekutengenezea websaiti, ambaye alifungua akaunti kwa jina lake, na domeini yako imo humo pamoja na za watu wengine ishirini.

Shida kubwa ninayoiona kisiwani ni huyu wa tatu, na simaanishi ni mwizi, wengi ni vijana wazuri waliotaka kukurahisishia kazi. Lakini kijana amepata kazi Mombasa, amebadilisha laini, imeili haifungui tena, na wewe hujui hata domeini iko kwa msajili gani. Wewe unatangaza jina, umelichapisha kwenye kadi, kwenye fulana za mabaharia, kwenye ubao wa pale jeti, lakini kwenye rejista jina lako halipo.

Angalia mwenyewe leo. Za .com na .org fungua lookup.icann.org kwenye simu, andika domeini yako bila www, na za .ke ingia websaiti ya KENIC kwenye sehemu ya WHOIS, yaani pa kuangalia habari za domeini. Yatakuja maandishi mengi ya Kiingereza, usiogope, tafuta vitu vitatu tu. Cha kwanza ni Registrar, hapo patakuwa na jina la kampuni, liandike. Cha pili ni tarehe ya kuisha, imeandikwa Expiry au Expiration, na huwa hivi: 2027-05-20T21:00:00Z. Ile Z mwishoni inamaanisha saa za kimataifa, ziko nyuma yetu masaa matatu, kwa hivyo 21:00 hapo kwetu ni saa sita usiku na tarehe imeshageuka 21. Ikiwa imeandikwa 04:10 basi kwetu ni saa moja na dakika kumi asubuhi. Ukiwa ni mtu wa kungoja dakika ya mwisho, hayo masaa matatu yana maana. Cha tatu ni Status, na ukikuta clientTransferProhibited usishtuke, hiyo ni kufuli ya kuzuia domeini isihamishwe bila idhini na ni jambo zuri, iache hapo hapo.

Usitegemee kulikuta jina lako na namba yako wazi siku hizi, wasajili wengi wanaficha habari za mwenye domeini kwa ajili ya faragha. Kuona kama ni wewe au si wewe uliyeandikwa, lazima uingie ndani ya akaunti ya msajili, na kama huna akaunti hiyo basi jibu umeshalipata.

Aliyenayo mpigie simu, ongea naye kwa adabu, mwambie unataka domeini ihamie akaunti yako. Kama ni msajili yule yule, unafungua akaunti yako bure na yeye anaisukuma ije kwako, kazi ya dakika chache. Kama unataka msajili mwingine kabisa, aifungue ile kufuli akupe msimbo wa kuhamishia, wao wanauita EPP au auth code, unauingiza kwa msajili mpya unalipia, na kwa .com malipo hayo yanakuongezea mwaka mmoja juu, kwa hivyo si pesa ya bure. Ila angalia mambo mawili. Domeini iliyosajiliwa au kuhamishwa juzi juzi kwa kawaida imefungwa siku 60 haihami, na usianze kuhama ikiwa imebaki wiki moja kuisha. Lipia kwanza pale pale ilipo, halafu uhame ukiwa na nafasi.

Na kama kijana bado anakuhudumia vizuri, muache aendelee na kazi yake, mlipe haki yake ya utunzaji, lakini akaunti ya domeini iwe yako na yeye ndo umpe ruhusa ya kuingia, isiwe kinyume chake.

Imeili ya akaunti isiwe ya domeini hiyo hiyo

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wanaumia sana. Unasajili domeini, kwenye imeili ya mwenyewe unaandika info@ ya domeini ile ile, inapendeza, inaonekana ya kiofisi. Siku domeini ikikatika, imeili nayo inakatika hapo hapo. Sasa unataka kuingia kwenye akaunti ulipe, paswedi umeisahau, unabonyeza nimesahau paswedi, wanakwambia tumekutumia linki kwenye info@ yako, ambayo haipo. Umejifungia nje na ufunguo uko ndani. Weka Gmail au nyingine yoyote isiyotegemea domeini hiyo, ifungue kwa ajili ya biashara tu, isiwe ya menja wala ya mtoto wa dada yako, na paswedi yake iwe kwa mwenye biashara na mtu mmoja mwingine unayemuamini.

Namba ya simu vile vile. Wasajili wengi wanatuma msimbo kwa meseji kabla hujaingia, kwa hivyo namba iwe ni ile unayoitumia kila siku, usiweke laini ya zamani iliyolala kwenye droo, laini isiyotumika muda mrefu kampuni ya simu inaifunga na kumpa mtu mwingine.

Halafu kuna ile imeili inayokuja ukisajili .com au .org au ukibadilisha jina au imeili ya mwenyewe, inakuambia bonyeza hapa uthibitishe. Watu wanaidharau wakidhani ni tangazo. Hiyo ni sharti la ICANN, usipothibitisha ndani ya siku 15 msajili anaweza kuisimamisha domeini, na utapata shida ya kuelewa kwa sababu umelipa na tarehe bado iko mbali lakini websaiti imezima. Ibonyeze siku ile ile, ila kwanza uhakikishe imetoka kwa msajili wako kweli.

Kwa nyumba za Shela ambazo mwenyewe yuko Ulaya na hapa kuna mwangalizi, kaeni mpatane wazi nani analipa. Nimeona mwenyewe anadhani mwangalizi analipa, mwangalizi anadhani mwenyewe amekatwa kwenye kadi yake huko huko, na wote wawili wanapokea ukumbusho na kila mmoja anaufuta.

Kulipa kwenyewe

Msajili wa hapa Kenya faida yake ni M-Pesa. Unaingia kwenye akaunti, unafungua invoisi, unapewa namba ya Paybill na namba ya akaunti ambayo mara nyingi ni namba ya invoisi yenyewe. Ile namba ya akaunti ndo yenye matatizo. Ukikosea tarakimu moja pesa inakwenda kwa kampuni sawa, lakini mashine yao haijui ni ya nani, inakaa tu imeelea na domeini yako inaendelea kuhesabu siku. Kwa hivyo ile meseji ya M-Pesa usiifute, ule msimbo wa mwanzo wenye herufi na tarakimu kumi ndo ushahidi wako, utume kwa sapoti yao pamoja na jina la domeini na namba ya invoisi na watairekebisha.

Na hata namba ikiwa sawa, pesa kutoka kwenye simu yako haina maana domeini imelipiwa. Nalisema hili kwa mkazo. Kwa wasajili wengine pesa inaingia kama salio la akaunti, na wewe lazima urudi ndani ubonyeze invoisi ilipwe kutoka salio lile. Kwa wengine invoisi inaonyesha imelipwa lakini ombi la kuongeza mwaka halijafika kwa mtunza rejista, limekwama. Namna ya kujua ni moja tu, rudi WHOIS au lookup.icann.org uone tarehe imesogea. Haijasogea baada ya siku moja, andika tiketi, yaani ujumbe wa malalamiko kwa sapoti yao. Imesogea, piga skrinshoti uiweke.

Hapa kuna jambo moja la .com linalodanganya hata watu wazoefu. Domeini ikipita tarehe bila kulipiwa, mashine ya mtunza rejista inaiongeza mwaka yenyewe kwa muda, ikisubiri msajili aseme kama anaibakisha au anaifuta. Kwa hivyo unaweza kuangalia ukaona Registry Expiry Date imesogea mwaka mbele na wewe hujalipa hata senti. Usifurahi. Ukiona kwenye Status kumeandikwa autoRenewPeriod, angalia ndani ya akaunti yako kwa msajili, tarehe ya pale ndo ya kuamini.

Msajili wa nje anataka kadi na dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 na miezi michache baadaye ikarudi kwenye 130, kwa hivyo invoisi ile ile ya dola 15 kuna aliyeilipa shilingi 2,400 na aliyeilipa 1,950, kabla ya makato ya benki. Huwezi kuzuia hilo ila unaweza kulipia miaka miwili dola ikiwa imeshuka. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay inakupa kadi ya Visa ya kwenye simu inayokata salio lako la M-Pesa, inafaa kulipa kwa mkono siku ile ile, ila mie singeitegemea kwa kujilipia yenyewe kila mwaka kwa sababu siku ya kukata salio likiwa halipo malipo yatakataliwa.

Kujilipia yenyewe kwa kadi ni nzuri, iwashe, lakini iwe ni ya akiba tu. Kadi inaisha muda wake, benki inakupa mpya yenye namba nyingine, au benki inaona kampuni ya nje inajaribu kukata pesa saa tisa usiku inazuia. Kila Januari ukikaa kulipa, angalia na kadi iliyoko mle inaisha lini.

Kuhusu bei, jihadhari na mwaka wa kwanza wa rahisi sana. Septemba 2024 bei ambayo Verisign inamtoza msajili ilifika dola 10.26 kwa kila .com kwa mwaka, na bado kuna ada ndogo ya ICANN, kwa hivyo anayekuuzia kwa dola mbili anapata hasara mwaka huu akijua mwaka ujao atairudisha kwako. Kabla hujasajili tafuta bei ya kulipia tena, huwa iko chini kwa herufi ndogo, hiyo ndo bei yenyewe. Angalia pia kama imeshajumlisha VAT ya asilimia 16 au itaongezwa mwisho. Na kwa wenye kupeleka mahesabu KRA, msajili wa hapa mdai invoisi ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, yenye PIN yako, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na invoisi hiyo kwa kawaida haikubaliwi kupunguza kodi, na meseji ya M-Pesa peke yake haitoshi.

Bili ni mbili, wakati mwingine tatu

Watu wanasema nimelipia websaiti, ukiuliza umelipia nini hawajui. Domeini ni jina. Hostingi ni mahali mafaili na picha na imeili zinapokaa. Zinaweza kuwa kwa kampuni mbili tofauti na kuisha miezi tofauti, ukilipa moja nyingine inazima. Hostingi ikikatika jina linabaki lako lakini kampuni haitakutunzia picha na bukingi zako milele, baada ya muda inafuta, kwa hivyo ingia cPanel, ukurasa wa kuendeshea hostingi, au mwambie kijana wako atoe nakala nzima, iweke kwenye flashi na nyingine kwenye Google Drive, angalau kabla ya kila masika.

Ya tatu ni ile kufuli ya https. Let's Encrypt wanatoa bure, cheti chake ni cha siku 90 na hostingi nyingi zinakifanya upya zenyewe. Gesti yenye kurasa tano haina haja ya kulipia cheti cha maelfu ya shilingi, ukikuta kwenye invoisi yako uliza kwanza ni cha nini. Uliza pia kuhusu vitu vingine vilivyobandikwa humo, kutangazwa kwenye mitandao ya kutafuta, ulinzi wa hivi na vile. Huna lazima.

Invoisi za uongo

Zinakuja kwa imeili, zimeandikwa vizuri, jina la domeini yako liko pale na tarehe karibu na ya kweli, zinasema huduma ya domeini yako inakatika leo lipa kwa linki hii. Soma mpaka chini, utakuta kwa herufi ndogo wanakuuzia kuorodheshwa sehemu fulani, hawana uhusiano wowote na domeini. Kuna nyingine inadai kuna kampuni huko China inataka kusajili jina lako kwa .cn na wewe uwahi kulipa kabla yake. Achana nayo. Dawa ni moja, usilipe kamwe kwa linki iliyokuja kwenye imeili. Andika mwenyewe anwani ya msajili wako, ingia, kama kuna invoisi ya kweli utaiona ndani. Na mfundishe yule anayeshika imeili za ofisi, kwa sababu mara nyingi analipa mtu mwaminifu aliyeogopa kuonekana mzembe.

Ikipita tarehe kinatokea nini

Kwa .com, .org na nyingi za kimataifa, ICANN inamlazimisha msajili akutumie ukumbusho karibu mwezi mmoja kabla, tena karibu wiki moja kabla, na mara ya tatu ndani ya siku tano baada ya kuisha. Ikiisha, websaiti na imeili vinakatwa, wengine wanakata siku ile ile wengine siku chache baadaye. Msajili ana mpaka siku 45 za kuibakisha na kwa kawaida siku za mwanzo unalipa bei yako ya kawaida, lakini si wote wanatoa siku zote hizo, na wengi wanaanza kuinadi domeini kabla hazijaisha. Akishaifuta inaingia siku 30 za redemptionPeriod, hapo bado unaweza kuirudisha ila kwa ada ya ziada ambayo mara nyingi ni mara kadhaa ya bei yenyewe. Kisha siku 5 za pendingDelete, hapo hakuna anayeweza kuigusa, halafu inaachiwa kwa yeyote. Majina yenye umri na linki nyingi yananyakuliwa na mashine dakika ile ile, na usishangae jina la gesti likawa saiti ya kamari. Majina ya .ke yana utaratibu wake wa KENIC, usifuate hesabu hizi za .com, muulize msajili wako akupe siku kwa maandishi.

Na si wadogo tu wanaosahau. Disemba 1999 Microsoft hawakulipia passport.com, domeini iliyotumika kuingilia Hotmail, watu wakashindwa kufungua imeili zao Krismasi mpaka mtu mmoja wa nje, si mfanyakazi wao, akailipia dola 35 kwa kadi yake.

Kama unasoma haya na yako imeshaisha, fanya hivi. Angalia Status kwenye WHOIS ujue uko hatua gani. Ikiwa bado kwa msajili, ingia ulipe saa hiyo hiyo kwa M-Pesa au kadi, usitume kwa benki Ijumaa jioni ukangoja Jumatatu. Baada ya kulipa websaiti inaweza kuchukua masaa, wakati mwingine siku moja au mbili, kurudi kwa kila mtu, kwa hivyo usianze kubadilisha mipangilio ya DNS (inayoielekeza domeini kwenye websaiti na imeili yako) kwa wasiwasi ukaharibu kilichokuwa sawa. Ikiwa redemptionPeriod piga simu kwa msajili, usiishie kwenye tiketi, uliza ada kamili kabla hujatuma pesa. Huku unangoja, imeili za wageni zinarudi, basi waandikie wote wenye bukingi kutoka ile Gmail au kwa WhatsApp, na kwenye ukurasa wako wa Google Maps na kwenye saiti za bukingi ondoa linki ya domeini iliyokufa uweke namba ya simu kwa muda. Domeini ikirudi, rudisha linki, kisha nenda ubadilishe imeili ya akaunti na uongeze mwaka wa pili kabla hujafunga simu.